Nilimposa Akiwa na Pini Mdomoni

Mpendwa Mama Mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, kwa sababu baada ya hapo sijui kama nitakuwa na mchumba au nitabaki na kumbukumbu tu.

Mimi ni muuzaji katika duka la samani, upande wa vitanda na magodoro, na mambo yangu yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka tajiri wetu alipotuletea mtaalamu wa kusoma watu, bwana mmoja wa suti ya kubana aliyetufundisha siku nzima kwamba mdomo hudanganya lakini mwili hauwezi, kwamba mtu akipeleka macho juu kulia anatunga uongo na akiyapeleka kushoto anakumbuka ukweli, akigusa pua anaficha jambo, akikunja mikono amekufungia mlango, na vidole vya miguu yake vikielekea kwingine basi roho yake imeshaondoka zamani, na mimi Mama niliyashika yote, wenzangu wakaanza kuniita Eksirei, na kusema kweli jina lilinikaa.

Sasa kuna fundi wa nguo, mwanamke mcheshi, mchapakazi, nimekuwa naye karibu mwaka mzima na ninampenda kuliko ninavyoweza kuandika, na siku niliyoamua kumwambia nilimkuta katika chumba chake cha kushonea amepiga magoti mbele ya sanamu ya kuvalishia nguo, anakunja pindo la gauni, midomo imebana pini kama kawaida yake, nikaona nisiposema sasa ujasiri utaniisha, nikasema, “Fundi, nataka nikuoe, unasemaje?” na papo hapo nikamkodolea macho nipate jibu la kweli, macho yake yakaenda juu, kulia, yakashuka, yakakimbilia mlangoni, mkono ukagusa pua, na vidole vya miguu, Mama, vilielekea nyuma kabisa, kisha akatoa sauti fulani ya puani, mh gani sijui, sikuishika vizuri kwa sababu nilikuwa bado nafuatilia macho, halafu mteja akaingia, nikaaga.

Kesho yake nikapita tena nikamkuta ametandaza mezani kitambaa kizuri cha suti, cha kijivu, aliponiona akakifunika haraka kwa gauni la mtu, akanipandisha na kunishusha, kutoka mabegani mpaka viatuni, polepole, akarudia, nawe unajua mwanamke akikupandisha na kukushusha vile maana yake nini.

Nikamuuliza, “Suti ya nani hiyo?”

Akasema, “Ya mtu mmoja mwoga,” akauma mdomo na kuangalia pembeni.

Nikajua yupo mwanamume mwingine, tena mwoga, na bado amenishinda! Tangu siku hiyo sipokei simu zake, naogopa sauti yake itanilainisha, na jana akanitumia ujumbe: “Njoo nikupime kabla ya Jumamosi. Usipokuja nitakuwa nimeelewa.” Mama, mimi ni mtu mzima, nina kazi yangu, sitaki kupimwa, mapenzi si mtihani. Nilimwonyesha dada yangu ujumbe huo akacheka mpaka akakaa chini, nikamuuliza anacheka nini akakataa kusema, akaniambia tu, “Nenda kaka, na uoge vizuri.” Nikamtazama macho, yalikuwa yamejaa machozi, nikaona hata yeye ananionea huruma.

Je, niende nikapimwe, au nijiheshimu nikae nyumbani?

Eksirei

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Eksirei. Kaa chini. Tena kalia mojawapo ya magodoro yako, maana nitakayokuambia yanahitaji mahali laini pa kuangukia.

Nianze na huyo bwana wa suti ya kubana, kwa sababu hasira niliyo nayo kwake ni kubwa kuliko niliyo nayo kwako. Vitabu vya watu wa aina yake nimevisoma, tena mpaka ukurasa wa mwisho, kazi ambayo nashuku wengi wanaovitangaza hawajaifanya. Hiyo habari ya macho kwenda kulia na kushoto, watafiti wameketi wakaipima kwa utaratibu. Hawakukuta uongo, hawakukuta ukweli, walikuta macho. Jicho huenda juu kwa sababu mtu anafikiri, au kwa sababu kuna mjusi darini. Na hebu nikuulize: kulia kwa nani? Kwako au kwake? Si mlikuwa mmetazamana? Siku nzima ya mafunzo, na hakuna hata mmoja wenu, watu wazima wenye ndevu, aliyenyoosha mkono kuuliza hilo!

Sina ugomvi na mtu anayemwangalia mwenzake. Mama humtazama mwanawe usoni akajua homa inakuja. Lakini mama huyo anamjua mwanawe, hakuazima macho ya mgeni. Wewe umemjua fundi huyu mwaka mzima, unajua anavyocheka, unajua mpaka anavyobana pini, halafu ukaweka yote hayo pembeni ukamwamini mtu wa siku moja ambaye hajawahi hata kumwona. Huko si kusoma watu, mwanangu. Huko ni kukataa kuwasikiliza.

Sasa tazama ulichoandika kwa mkono wako mwenyewe. Ulimuuliza swali kubwa kuliko yote akiwa na pini mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni hasemi, baba, akisema anazimeza! Anajibu kwa pua. Na lugha yetu imemrahisishia kazi: ipo “mhu” inayopanda, ndiyo, na ipo “mm-mm” inayokatika katikati, hapana. Mtoto asiyeweza kutamka jina lake anazijua zote mbili. Jibu lako lilitoka, likapita mbele yako, nawe ulikuwa umekodoa macho kama unasubiri basi. Unasema aligusa pua. Na wewe bana pini midomoni halafu utulie, nione kama hutajikuna. Macho yalikimbilia mlangoni? Mteja aliingia, umeandika mwenyewe! Na vidole vya miguu, ee Mungu nipe subira. Mwanamke alikuwa amepiga magoti. Ulitaka vidole vyake vielekee wapi? Mbele, avunjike?

Twende kesho yake. Fundi wa nguo akimtazama mtu kutoka mabegani mpaka viatuni hamdharau, anakisia urefu wa suruali. Akirudia, ni kwa sababu bega moja limeshuka, na nakuhakikishia lako limeshuka, kwa woga. Kitambaa kizuri alikifunika ulipoingia, hakukifunika kwa ajili ya mteja mwingine yeyote. Ulipouliza ni cha nani akakuambia: cha mtu mmoja mwoga. Katika hadithi hii yote mimi namwona mwoga mmoja tu, yule aliyeuza swali la ndoa kwa haraka kama godoro lenye kasoro, akatoka mbio kabla hajaulizwa kitu. Kuuma mdomo kulikuwa kuzuia kicheko.

Halafu anakuandikia, “Njoo nikupime,” nawe unaniletea heshima na mitihani! Huyu ni fundi wa nguo! Fundi wa nguo akikuita akupime, anataka mabega, kifua, kiuno na mguu. Daktari akikuita akupime utamjibu kwamba mapenzi si mtihani? Dada yako aliligundua hilo kabla hajamaliza kusoma, na yale machozi hayakuwa ya huruma.

Lakini na mimi nisijifanye eksirei. Ile mh sikuisikia, na wewe uliyekuwapo hukuisikia. Pengine nimekosea. Ninachojua kwa hakika ni kwamba kuna mwanamke aliyepiga simu siku kadhaa bila kupokewa, na akasema usipokwenda atakuwa ameelewa. Ataelewa nini? Kwamba ulimposa kwa mzaha. Hilo ndilo linaloharibika ukiendelea kujiheshimu hapo nyumbani.

Kwa hiyo Jumamosi isahau. Nenda kesho asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Anza na kuomba radhi kwa zile simu, kwa maneno, si kwa kuinamisha shingo akisie. Kama pini ziko mdomoni, simama usubiri mpaka azichomeke kwenye kimto chake. Kisha mwambie, “Nilikuuliza jambo, sikusikiliza jibu. Naomba nikuulize tena.” Uliza. Halafu funga mdomo, utazame popote unapotaka, hata sakafuni, lakini masikio uyaache wazi. Akikataa, shukuru uondoke kiungwana, usianze kutafuta ndiyo kwenye nyusi zake. Akikubali, vua koti usimame wima, na usivute tumbo ndani, maana siku ya harusi litataka nafasi yake.

Na atakapokuzungushia futi kiunoni, macho yake yakashuka ghafla na uso ukabadilika, tafadhali usitoke mbio tena. Anasoma namba.