Kichwa cha Gari Moshi Dirishani kwa Bwana Salum

Mwanza

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuombea barua hii ikukute mzima, na mgongo umepunguza kukusumbua. Mama naye anaendeleaje na kifua? Mimi ni mzima, kazi ipo, na Uhuru tumeupokea vizuri.

Baba, uliniuliza kama nilivuka ziwa lote hili ili nikatengeneze vitu vya kuchezea watoto. Naomba nikueleze.

Tajiri wangu, Bwana Salum, muuza redio na taa, aliagiza kutoka Nairobi gari moshi dogo la umeme, liwe pambo la dirisha la duka siku ya Uhuru. Lilikuja la Kizungu. Kichwa chake kizuri, cha kijani, lakini hakifanani hata kidogo na kile kinachovuta marobota ya pamba hapa. Nikamwambia, "Watu wa Mwanza wanalijua gari moshi lao. Siku kama hiyo tuwaonyeshe la wageni?"

Akasema, "Fundi, ndilo lililopatikana. Na linakwenda. Unataka nini tena?"

Nikamwomba aniachie nikivalishe kichwa kile umbo la kwetu.

Nilikichonga kwa mti wa mninga, kama ulivyonifundisha, kila kitu mahali pake. Nilipokiweka juu ya mota kikajikokota kidogo, kikasimama, mota ikaanza kunuka. Bwana Salum akachomoa waya. "Hiyo ikiungua," alisema, "nyingine sina pa kuipata."

Kesho yake nikakata debe la mafuta ya taa, maana bati ni jepesi. Nikalikunja, nikalilehemu, nikalipaka rangi nyeusi. Likaenda. Nilitaka pia kuongeza magurudumu yawe kama ya kweli, lakini kila nikiongeza linaruka reli kwenye kona. Nikayaacha yalivyo, moyo ukiniuma. Kando ya reli niliweka majabali yetu ya ziwani, niliyoyafinyanga kwa magazeti na uji wa muhogo.

Siku yenyewe watu walijaa mbele ya dirisha. Akaja dereva wa gari moshi, mtu mzima, amevaa sare yake, mkewe akimfuata nyuma. Aliinama akatazama muda mrefu.

"Magurudumu yamepungua," akaniambia.

"Najua, mzee. Yalikataa kupita konani."

Kisha akamvuta mkewe mpaka kwenye kioo. "Tazama. Hicho ndicho ninachoendesha."

Mama yule alitazama, akamshika mumewe mkono, wasiondoke.

Baba, sijapata kuisikia kazi yangu ikisifiwa namna ile, na hakuna aliyetaja sifa. Bwana Salum naye ameweka kibao dirishani. Aliponiuliza aandike kimetengenezwa na nani, nilimtajia majina mawili: Deogratias, mwana wa fundi Laurenti wa Bukoba. Watu wanakisoma kila siku.

Msalimie Mama, dada yangu Anastazia na shemeji, na mjomba anayetuangalizia mibuni.

Ni mimi mwanao na mwanafunzi wako,
Deogratias