Jina Ulilolimeza Mlangoni

Mwalimu Lopeyok Ebei,
Sanduku la Posta,
Lodwar.
Jumapili, 21 Septemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Dieudonné,

Kabla sijakuamkia, niruhusu niwataje kwa heshima zao walioketi mbele yangu hapa uani, kwa maana bahasha ya barua hii haitafungwa kabla wao hawajaisikia kwa sauti. Yupo Baba yetu, Mzee Ebei, juu ya kigoda chake cha ekicholong. Yupo Mama, aliyekufunika kwa shuka yake siku ya kwanza. Yupo Baba Mdogo Lokwang, aliyefika asubuhi kwa pikipiki kutoka Lorugum. Yupo dada yetu Akiru, bibi harusi wetu wa Desemba, atakayeolewa na Ekal. Mimi nimesimama. Kwa jambo nililo nalo, kuketi si adabu.

Ejok, hujambo, ndugu yangu? Hali yako i vipi huko Kanada, na baridi imeanza kukung'ata? Shangazi Mélanie anaendeleaje na mguu wake? Tunamwombea. Sisi huku tu wazima wa mwili. Macho ya Mama yamepata nafuu tangu apewe dawa ya matone, ingawa bado huwaita mbuzi weupe kwa majina ya weusi. Mvua imetunyima, na mto Kawalase umekuwa barabara ya wapita njia.

Najua hupokei simu zangu, wala sikulaumu. Kosa nililitenda kwa kinywa mbele ya watu. Nimeona nilitengue kwa maandishi, mbele ya watu walewale.

Baba Mdogo hakuwapo ulipofika kwetu, kwa hiyo nianzie hapo kwa faida yake. Mama yako mzazi alikuwa amefariki kambini Kakuma, na Baba, aliyekuwa akipeleka kuni kambini, akarudi nyumbani amekushika mkono. Akiru ndiye aliyefungua mlango. Ulimtazama ukasema, «Yaya, nipe maji.» Watoto wa jirani wakaangua kicheko. Mimi, mwanafunzi wa sekondari niliyejua kila kitu, nikakuelekeza: «Hapa kwetu yaya ni mfanyakazi wa nyumbani. Huyu ni dada. Sema dada.» Ukasema dada. Neno lile la kwanza hatukulisikia tena kinywani mwako.

Akiru akakubeba mgongoni hadi ukaona haya kubebwa. Alikuchotea maji kwa kuchimba mchanga wa mto Kawalase ulipokauka, akakufulia sare, akakufundisha kumkimbia ngamia mwenye hasira. Ulipoondoka kwenda Kanada na Shangazi yako Mélanie, aliyekuja kukuchukua, Akiru alikusindikiza hadi kwenye lango la uwanja wa ndege, akarudi akalala bila kula.

Kisha ukawa mtengenezaji wa michezo ya simu. Tulijivunia jambo hilo hadi kwa wauza mitumba. Mchezo wako ulipotufikia mwezi wa nane, nyumba nzima iliucheza: binti amembeba mtoto, anavuka nchi kavu, sharti ajue pa kuchimba maji kabla kiu haijawaua. Mimi nilikufa kwa kiu kila mara. Akiru peke yake ndiye aliyefika mwisho. Tulipomuuliza siri yake alicheka: «Huyu mtoto ameweka maji palepale pa Kawalase, kwenye kona. Nyinyi mnachimba kama wageni.»

Katika hatua ya mwisho, binti anamshusha mtoto, skrini inakuwa nyeupe, ndipo wimbo wako unaanza, kwa sauti yako mwenyewe. Akiru akapaza sauti ya simu, akatuita sote. Baba akaniambia, «Mwalimu, Kiswahili hiki kinanipita. Tuwekee kwa Kiturkana.»

Wimbo wenyewe ni huu, kama ulivyouimba:

Yaya, nishushe, kazi yako imeisha,
barabara iko mrefu, lakini niko na miguu.
Maji yako nilikunywa, mgongo yako nililalia,
jina yako nilimeza ku mlango.

Ndugu yangu, niliusikiliza wimbo wako kama mtu asahihishaye insha. Nilipofika kwenye «jina yako» na «ku mlango», nilitabasamu kwa sarufi iliyovunjika, nikasahau kuuliza maana iliyosimama nyuma yake. Nikamfasiria Baba, mstari kwa mstari, kwa ufasaha niliousifu moyoni: Ewe mtu wa kutumwa, niweke chini, umeachishwa kazi. Njia ni ndefu ila sikuhitaji tena. Nilitumia maji yako na mgongo wako. Na jina lako nilikataa kulitamka.

Mama alizima simu kwa kuigeuza kifudifudi juu ya ngozi. Baba akauliza, «Amemwita binti yangu mtu wa kutumwa?» Nikajibu, «Ndivyo neno lilivyo, Baba.» Sikusema ndivyo nilivyolielewa. Nilisema ndivyo lilivyo. Sentensi hiyo imekuwa ikinigutusha nikiwa darasani, chaki mkononi.

Ulikuwa umetengewa ngamia katika mahari ya Akiru, fungu la kaka. Jioni ileile Baba aliliondoa fungu hilo, akaagiza jina lako lisitajwe nyumbani kwake. Nami, kwa Kiswahili kisicho na doa, nikakuandikia kwamba familia imeona usijisumbue kusafiri kwa harusi. Sababu sikukueleza, nilidhani mwenye kosa anaijua. Ulinijibu kwa maneno mawili: «Sawa, Mwalimu.» Tangu ujue kuongea nami, ulikuwa hujawahi kuniita jingine isipokuwa Kaka.

Akiru hakukutetea wala hakukushtaki. Nilimkuta akisugua sufuria, nikamwambia asihuzunike, watu hubadilika wakivuka bahari. Akasema, «Lakini si ni kweli nilimfulia?» Akaendelea kusugua.

Wiki iliyopita nilikwenda Kakuma kusimamia mitihani ya majaribio. Chumbani mwa walimu, wakati wa chai, nilimsimulia mwenzangu Mukendi, mwalimu wa Kifaransa, habari za kijana Mkongo asiye na shukrani tuliyemlea. Nilisimulia vizuri. Nilipofika kwenye wimbo, aliweka kikombe chini.

«Mwalimu, ngoja kwanza. Yaya gani?»

«Yaya. Mfanyakazi wa nyumbani.»

«Huyo kijana ni wa wapi?»

«Uvira.»

«Aa, Mwalimu! Mimi niko na bayaya batatu. Wa kwanza ni pasta pale Kalobeyei. Kesho nimwambie akuje kukufulia shati?»

Walimu wote wakacheka. Nami nikaanza kucheka, nikaacha. Mukendi alipoona uso wangu, aliacha mzaha. «Kwetu yaya ni ule alikutangulia ku tumbo,» akasema. «Mwanamke, mwanaume, wote ni yaya. Ni neno ya heshima, mzee. Mtu hamwiti mtumishi hivyo. Anamwita mukubwa wake.»

Hapo ndipo mlango wetu uliponirudia, na mtoto aliyesimama nje akiomba maji kwa neno bora alilokuwa nalo. Kila mtu mwingine nyumbani angeweza kusamehewa kwa kutolijua neno hilo. Mimi nililisikia likisemwa. Mimi ndiye niliyekuambia ulimeze.

Kwa hiyo, Baba, Mama, Baba Mdogo, ninausimamisha usomaji kwa muda ili niutafsiri wimbo upya kwa Kiturkana, polepole, na nawaomba msiniharakishe.

«Yaya, nishushe, kazi yako imeisha»: Dada yangu mkubwa, umenibeba vya kutosha, sasa pumzika. «Barabara iko mrefu, lakini niko na miguu»: bado ninakwenda mbali, lakini miguu hii wewe ndiye uliyeikuza. «Maji yako nilikunywa, mgongo yako nililalia»: si hesabu ya utumishi, ni mtoto anayekiri mbele ya dunia nzima nani alimfikisha. Na «jina yako nilimeza ku mlango»: siku ya kwanza nilikuita kwa jina la heshima la kwetu, nikachekwa, nikalimeza. Hilo ndilo jina alilolibeba kimya miaka yote hiyo, akalitoa mwishoni mwa mchezo, mahali ambapo Akiru peke yake ndiye angefika.

Jana, baada ya kurejea, nilimweleza Akiru kwanza, kwa kuwa wimbo ni wake. Alikuwa akifunga dumu la maji. Akaniambia nirudie maneno, nikayarudia. Akaketi juu ya dumu.

«Kumbe wiki hizi zote najiuliza kama nilimbeba vibaya.»

Nikachuchumaa mbele yake.

«Wewe na Kiswahili chako cha vitabu,» akasema, akajifuta uso kwa ncha ya leso. Kisha: «Mwambie Baba siendi kwa Ekal mpaka huyo mtoto asimame hapa mlangoni aniite vile alitaka kuniita.»

«Akiru, harusi ni Desemba.»

«Ekal atangoja. Ngamia hawaozi.»

Ndugu yangu, siandiki ili unifute machozi. Ningeweza kusema kwamba lugha ilinidanganya. Ningekuwa nadanganya tena. Lugha ilikuwa wazi mbele yangu ikiwa na mlango wake. Ni mimi niliyekataa kubisha hodi, nikasimama nje na kuwatangazia wenzangu kwamba nyumba ni tupu.

Nakuomba umsalimu Shangazi Mélanie kwa mikono miwili, na umwambie kuwa Mama bado ametunza kibuyu alichomwachia. Wasalimu pia wenzako wa kazini, nao wajue kwamba kuna mwanamke Lodwar aliyeumaliza mchezo wenu bila kufa hata mara moja. Akuj, Mungu wetu, akutangulie penye maji, akuondolee miiba njiani, na akulinde na watu wajuao sana, nikiwamo mimi.

Sasa nawageukia walioketi, kwa neno la mwisho. Akiru amekwisha kuamua, nami natangaza uamuzi wake kuwa wa kikao hiki: hatatoka nyumbani kwa baba yake mpaka Dieudonné asimame mlangoni. Baba Mdogo, kesho ukirudi Lorugum, utawaeleza wakwe kwamba harusi inamngoja kaka wa bibi harusi, na utawaambia kosa ni langu, kwa jina langu. Baba, naomba fungu lake lirudi. Na kama limekwisha kugawanywa, lichukuliwe langu, maana aliyepoteza haki ya kuitwa kaka katika nyumba hii ni mimi. Simu iko hapa juu ya ngozi. Namba ya Dieudonné nimeshaitafuta. Hatutanyanyuka kabla ya Baba kuipokea mkononi na kumwita mwanawe kwa jina.

Wako akupendaye, asiyestahili bado lakini anayetamani siku moja umwite yaya,

Lopeyok