Kibofu Hakionekani

Shoga, kesho ukipeleka tumbo lako ultrasaundi, usimpigie mtu simu kabla hujamalizwa. Nakuonya.

Mpimaji kanipaka jeli ya baridi, kapitisha mashine. Kapitisha tena. "Mama, kibofu cha mkojo cha mtoto hakionekani."

Hakionekani! Kama anatafuta kijiko.

Kaniambia nisubiri benchini, atanipima tena. Mimi na kusubiri wapi na wapi? Nikampigia mama mkwe: "Mama, mtoto hana kibofu."

Hana. Hilo nimelitia mimi. Mpimaji alisema hakionekani.

Niliporudi kitandani, hicho hapo kwenye skrini, kimejaa tele. Mpimaji hata hakucheka. "Alikuwa ametoka kukojoa. Hukojoa humo humo tumboni. Ndiyo maana nilikwambia usubiri."

Nafika nyumbani, viatu vimejaa mlangoni. Mama mkwe na mawifi wote, wamekaa kama msibani.

Nikasema, "Kibofu kipo! Alikojoa tu!"

Mama mkwe kanishika mkono. "Usijikaze, mwanangu. Lia."

Basi nikalia kweli, maana tangu asubuhi nilikuwa sijalia, na mtoto wangu ni mzima.

Wifi mkubwa akawaambia wenzake, "Si mnaona?"