Alama ya Dole Gumba la Baba

Kwako Mama Mdogo uliyenilea,

Sisi wazima, na kuku wako mweupe ametotoa tisa. Pasipoti imetoka. Nitafika kabla hujafanyiwa upasuaji, usiogope.

Watu wa pasipoti walipotaka cheti cha kuzaliwa, nilikwenda ofisi ya vizazi. Karani, mama mmoja mwenye miwani, alishusha kitabu kikuukuu, akapekua, akasema, "Huyu hapa. Baba yako alikuja mwenyewe kukuandikisha."

"Umekosea, mama. Baba yangu alinikana kabla sijazaliwa."

Akanigeuzia kitabu. Niliona jina langu, jina lake, na alama ya dole gumba lake kwa wino uliofifia. Nilikuwa na siku mbili tu duniani.

Miaka arobaini na mitatu nimemchukia mtu aliyekwenda pale kusema mimi ni wake! Niliigusa ile alama, nikashindwa kuondoka, hadi watu wa nyuma yangu kwenye foleni wakaacha kunung'unika.

Kwa nini marehemu Mama aliniambia kwamba Baba alinikana, sijui. Kama wewe unajua, utaniambia nikishakaa kando ya kitanda chako.

Kwenye fomu ya pasipoti, palipoandikwa jina la baba, nililijaza lote kwa herufi kubwa.

Ni mimi mwanao,
Fundi Cherehani