Utani Uliofika Kamati ya Nidhamu

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mwanao Mwanahawa mwili ni mzima, baridi ya huku chuoni milimani bado haijaniweza. Nataka kujua ya kwenu kwanza. Mguu uliochomwa na kisiki umepona, au bado unauficha ndani ya buti ili mama asiuone? Naye mama anameza dawa za presha kila siku, au anameza siku akizikumbuka? Na nguruwe pori wa huko Mtunda mwaka huu wamewaachia mpunga kidogo, au wamevuna wao kabla yenu?

Nimeandika kwa sababu haya siyawezi kwenye simu. Barua nimempa mama mmoja anayeshuka Bungu, atamwachia mjomba dukani kwake. Isome peke yako kwanza, halafu umsomee mama akiwa ameketi.

Baba, nimesimamishwa masomo mwaka mzima.

Unamkumbuka Kulwa, yule kijana wa Kinyamwezi ninayewasimulia kila likizo. Siku ya kwanza tulipokutana aliniuliza kwetu wapi, nikamwambia Kibiti, akalirudia jina hilo kwa sauti ya chini. Mimi nikaona nimepata mtani wa jadi. Nikamwambia babu zake walibeba mizigo ya watu kutoka bara mpaka pwani, wakafika ndimi nje, sisi tukawapa maji, kwa hiyo namdai heshima. Akacheka. Tangu hapo ikawa ndiyo mchezo wetu. Nikimkuta kwenye foleni ya chakula namtoa mbele yangu, namwambia mpagazi hapangi foleni na wenye mji. Anacheka, ananipisha. Leo ndiyo nakumbuka kwamba yeye hakuwahi kunirudishia hata neno moja.

Mwezi uliopita chama chetu cha mdahalo kilileta hoja kwamba wakulima wa mpunga waondolewe kwenye mikoko ya Delta ya kwetu. Kupinga wakaniweka mimi, nani mwingine? Kulwa akawekwa kuunga mkono. Alisimama na karatasi yake, akasema polepole, bila kumtukana mtu. Alisema mikoko ikiisha, maji ya chumvi yatapanda, na anayelima leo ndiye atakayekosa pa kulima kesho. Halafu akanigeukia, akaniuliza kama wazee wetu hawajaiona hiyo chumvi ikipanda.

Jibu nilikuwa nalo. Wewe mwenyewe uliyaonja maji ya jaruba la mpunga la shangazi mbele yangu, ukatema, ukasema tusimwambie mtu. Nikiri pale mbele ya ukumbi, niliona ni kuwauza watu wetu. Nikakimbilia kwenye utani.

"Mtani, maneno hayo yaseme hukuhuku. Ukija nayo kwetu tutakuzika, na ubwabwa wa matanga yako tutaula wenyewe."

Ingekuwa nyumbani, watu wangepiga makofi. Si unakumbuka msiba wa babu, mtani wetu wa Ikwiriri alivyovaa kanzu ya marehemu, akakohoa kama yeye, mpaka mama akacheka na machozi yanamtoka? Huku haikuwa hivyo. Wachache wakacheka, wengine walikuwa wameshainua simu. Kulwa akakunja karatasi yake, akakaa.

Kesho yake saa sita mchana video ilikuwa imeenea kwenye makundi yote ya simu, imekatwa swali limeondoka, limebaki jibu langu tu. Juu yake wameandika: mtu wa Kibiti atishia kumzika mwenzake. Unajua jina letu linavyosikika kwa watu wa mbali tangu miaka ile ya mauaji. Sisi ndio tuliokuwa tukifunga milango jua lingali juu, na wewe ndiye uliyetufundisha kujibu "sijui" hata tukiulizwa njia. Lakini kwa asiyekuwepo, aliyeogopa Kibiti na aliyeogopwa ni mmoja.

Kamati ya nidhamu walikuwa watu watano, mwenyekiti mama wa makamo. Niliwaeleza utani ni nini, nikawasimulia hata msiba wa babu. Mhadhiri mmoja mzee alikuwa akiitikia kwa kichwa. Akaitwa Kulwa, moyo wangu ukatulia, nikajua mtani ameingia na mambo yamekwisha. Mwenyekiti alimuuliza swali moja tu, kama siku ile aliyachukua maneno yangu kuwa mzaha.

"Niliogopa," akasema.

Kisha akaomba nisifukuzwe. Alisema anataka nirudi ukumbini nimjibu alichoniuliza. Wakanipa mwaka mmoja nje, na midahalo wameisimamisha mpaka watakapotangaza.

Nilimkuta nje karibu na tangi la maji, nimejaa hasira. Nikamwambia mtani hamsaliti mtani wake. Hakunyanyua sauti.

"Mwanahawa, mimi utani siujui, nimezaliwa na kukulia mjini. Miaka mitatu nimecheka kwa sababu sikujua utanifanya nini nisipocheka."

Baba, nilikaa chini palepale kwenye tope. Kumbe mwenzangu alikuwa akicheka kama sisi tulivyokuwa tukisema "sijui". Hofu ileile niliyokua nayo utotoni, nimempa mtu mwingine na nikaiita urafiki. Naona aibu kuliko nilivyowahi kuona.

Sisemi kwamba kamati wametenda haki. Mwaka mzima kwa neno moja ni adhabu kubwa mno, na kufunga ukumbi ni woga. Sasa hivi wanaotaka wakulima waondoke na wanaotaka wabaki wote wananong'ona mabwenini, hakuna anayemjibu mwenzake. Lakini kosa waliloliandika kwenye barua yao silo kosa langu. Wao wameandika vitisho. Mimi niliulizwa jambo la kweli kwa adabu, nikamziba mtu mdomo kwa kicheko.

Nitafika Ijumaa ya wiki ijayo, inshallah. Nisalimie mama, umwambie asilie kabla sijafika. Nisalimie kaka Shabani wa bodaboda, shangazi mwenye jaruba, bibi mzaa mama, na ustadhi aliyenisomesha madrasa.

Watu wakikuuliza msikitini kwa nini nimerudi, najua utataka kusema naumwa, au chuo kimefungwa. Nakuomba usiseme. Waambie Mwanahawa amesimamishwa kwa neno alilolisema. Na mkutano wa kijiji ukikaa nitasimama, nitasema maji ya majaruba yameingia chumvi na wewe umeyaonja. Atakayenipinga nitamsikiliza mpaka amalize, hata akiwa ni wewe baba.

Mwanao,
Mwanahawa