Maneno Kumi na Mawili Ubaoni

Mpendwa mshauri, nimekwama, naomba unisaidie. Kazi yangu ni kutembeza programu mpya ya simu, mtandao wa kijamii usio na kampuni inayoumiliki, hakuna bosi wa kukufungia wala ofisi ya kukuchunguza, na ndivyo nilivyowaambia mafundi cherehani kumi na sita wa karakana anakofanya kazi dada yangu, wakafurahi, wakakubali. Sasa kila anayejiunga hupewa maneno yake kumi na mawili ya siri, ndiyo ufunguo wake, mimi nikaandika ya mfano ubaoni, nikatoka kidogo, kurudi nakuta wote wameingiza yale yale, yaani wote wamekuwa mtu mmoja, nami kwa aibu nikanyamaza.

Mwanzoni ilikuwa picha za magauni na umbea. Kisha akaanza kuandika mtu ambaye si yeyote kati yao: "Jumapili akitoka hufunga mlango kwa nje, ufunguo anaondoka nao. Mimi hukaa nikisikiliza hatua zake mpaka ziishe." Waume watano wakawaka, kila mmoja akidai ni mkewe, na shemeji yangu, mmoja wao, akamtupia dada mabegi nje. Nikawakusanya mafundi, simu zote kumi na sita zikawekwa mezani zimezimwa, wakaapa si wao, na tukiwa tunatazamana simu yangu ikalia, ameandika: "Msinitafute." Kumfuta haiwezekani, hakuna wa kumwomba. Maneno yenyewe nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Nifanyeje shemeji aamini, dada arudi kwake?

Mwuza Mtandao

Pole, mwanangu, lakini balaa hili umelipika mwenyewe. Ulishindwa kusema, "Jamani, tumekosea, tuanze upya"? Na bado hujajifunza, unanitumia maneno ya siri mimi, mtu usiyenijua! Karatasi nimeichana. Ila sikufichi, kwanza niliyaingiza maneno hayo kwenye simu yangu nikachungulia. Alikuwa ameandika, "Karibu, mshauri." Simu nimeizima, na kuiwasha naogopa.

Ni nani, sijui, na huna uwezo wa kumfukuza. Kesho nenda karakanani, kiri kosa bila kuzungukazunguka, kila fundi aanze upya na maneno yake mwenyewe, wewe ukiwa umegeukia ukutani.

Lakini kuna jambo umelipita kama hukuliona. Wale waume wengine wanne waliwaka wakaishia maneno. Shemeji yako alijuaje kwa hakika, hata akatupa mabegi, kwamba anasemwa yeye? Acha kumbembeleza huyo. Leo hii kaa na dada yako, mlango uwe wazi. Usimwulize kama ni yeye aliyeandika. Mwulize kama anataka kurudi.