Meno ya Ufunguo

Aligarh, Jumapili

Kaka Tanvir,

Salaam huko Dubai. Mama hajambo, ila goti bado limevimba. Duka letu la mtandaoni limeshapata wateja saba, wote wanayasifu makufuli ya marehemu Baba.

Unakumbuka uliponiambia nipige picha ya kufuli la mlango wa karakana ya Baba, pamoja na ufunguo wake? "Sogeza simu, dada, meno ya ufunguo yaonekane. Wateja wa mtandaoni wanapenda hivyo." Nikasogeza, nikakutumia.

Alhamisi tumekuta kalibu zote za Baba, zile za kusubia makufuli, zimebebwa. Kufuli halina hata mkwaruzo, na mlango umefungwa vilevile. Unawajua mafundi wa mtaani kwetu: wakishaona meno, wanachonga ufunguo kabla chai haijapoa. Mama anafoka tangu siku hiyo: "Mwizi gani anafunga mlango akiondoka? Ndiyo hayo maduka yenu ya kwenye simu! Dunia nzima imeuona ufunguo wetu!"

Nimemwacha aamini hivyo. Lakini wewe nikwambie, Kaka. Baba alikuwa akiuficha ufunguo ule kiganjani hata mbele ya Mama, kwa hiyo nafsi ilinisuta, dukani nikaweka picha ya kufuli peke yake. Ile ya ufunguo nilikutumia wewe tu.

Mdogo wako,
Shagufta